Kitambaa cha Rangi za Waya

Hakuna kitu kilichokaa uchi nyumbani kwa Mama Dan, kule Waithaka. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma, meza ilivaa, redio ilivaa, chupa ya chai ilivaa sketi yenye marinda. Jogoo wake naye, watu husema, alipofikisha umri wa kuwika alipimwa shingo akafumiwa kola, na siku ya Jumapili hakuwika mpaka avalishwe. Asiyeamini aulize majirani. Jogoo mwenyewe hawezi kuulizwa, aliliwa Krismasi.

Kwa hiyo siku binti yake alipoleta ruta ya waifai, kijisanduku cheusi chenye taa usoni na masikio mawili ya plastiki, Mama Dan alikitazama kilivyokaa juu ya kabati bila nguo, akaguna, akaenda chumbani kutafuta uzi.

Binti ni Nyakio, na habari hii ni yake. Alikuwa ameuza mitumba miaka kadhaa karibu na Adams Arcade, yeye akikunja na wateja wakikunjua, mpaka siku moja akarudi nyumbani akasema hataki tena kukunja nguo ambazo Nairobi nzima imeapa kuzikunjua. Alitaka kusomea mambo ya mitandao ya kompyuta: kuvuta nyaya, kufunga vijisanduku, na kumsaidia mtu kwenye simu intaneti yake ikikataa. Kazi ya kuanzia chini kabisa, lakini kazi yenye kiti.

"Hiyo intaneti huwa inagonjeka?" Mama Dan aliuliza.

"Kila siku, Mum."

"Basi enda ukakuwe daktari yake. Na mimi niwe mama ya daktari."

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshajua. Hata Mungu, nadhani, alisikia mara mbili.

Chuo kilikuwa mjini katikati, ghorofa ya mwisho juu ya duka la mapazia, na ngazi zake zilikuwa ndefu hivi kwamba mwanafunzi alianza kupanda akiwa na nywele fupi akafika juu anahitaji kusukwa. Mwalimu wao aliitwa Wesonga. Mtu mfupi, sauti ndefu. Siku ya kwanza hakuwafundisha kitu kingine ila kutazama taa.

"Taa kwanza," alisema. "Ukiambiwa mtandao umepotea, usikimbilie kompyuta. Usianze kuandika maneno yako ya kisomi. Tazama uso wa ruta. Iko na taa? Ni ya rangi gani? Inakonyeza ama imekodoa? Nimeona watu na digrii zao wakihangaika asubuhi yote, na shida ni kwamba mama wa usafi alichomoa waya apige pasi."

Darasa likacheka. Nyakio akacheka kuliko wote. Alikuwa na kicheko cha kupasua, cha mtu aliyezoea kushindana na kelele za soko.

Zoezi la pili ndilo alilolipenda. Wanafunzi waliketi wawili wawili, wamepeana migongo. Mmoja ana mashine iliyoharibika mbele yake, mwingine hana kitu ila sauti. Mwenye sauti ni kama yuko ofisini anapokea simu. Haruhusiwi kugeuka.

"Unaona nini?" Nyakio aliuliza, amekaa mgongo kwa mgongo na Awuor, msichana wa Kawangware mwenye mzaha usiokwisha.

"Naona Mwalimu amevaa soksi mbili tofauti."

"Awuor! Kwa ruta."

"Aa, ruta. Taa moja ni nyekundu, madam. Imekasirika."

"Waya ya nyuma imeingia vizuri? Isukume mpaka isikike ikilia tik."

"Tik. Wueh, madam, imekuwa kijani! Mungu akubariki, nikuletee kuku?"

"Mkifanya hii kazi," Wesonga aliwaambia, "nyinyi ni macho ya mtu asiyeona. Msimharakishe. Muulizeni anaona nini, halafu mnyamaze mpaka ajibu."

Mtu ambaye Nyakio alimfanyia mazoezi zaidi alikuwa kaka yake. Dan alikuwa Uarabuni, akilinda jengo ambalo mwenyewe alisema ukilitazama juu kofia inaanguka nyuma, na ukiinama kuiokota unakuta imeshauzwa. Kila Jumapili baada ya kanisa alipiga simu ya video, na picha ikigoma Nyakio alimshika mkono kwa maneno: tazama pale juu, unaona nini, bonyeza, ngoja. Picha ikirudi, Mama Dan alinyakua simu, akaishika chini ya kidevu au juu ya kilemba.

"Mathe, naona paji la uso tu!"

"Si ni yangu? Ulitaka kuona ya nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yao ya pili. Mama alionyesha mwanawe sukuma wiki ilivyomea, kitambaa alichokuwa akifuma, jirani aliyepita bila kujua anaangaliwa na mtu wa ng'ambo. Dan hakuwa amekanyaga nyumbani tangu aondoke. Waifai ile ndiyo iliyokuwa mlango wake wa kuingilia.

Sasa, vita ya kitambaa. Kila asubuhi Nyakio aliondoa kitambaa juu ya ruta. Kila jioni alikikuta kimerudi. Wala hawakugombana, kila mmoja alifanya zamu yake tu.

Halafu Wesonga akampeleka Nyakio pamoja na Awuor mtaa wa Karen kutazama ofisi moja ambayo intaneti ilikuwa ikizimika kila ikifika adhuhuri. Mwenye ofisi, mama mmoja mtanashati, alikuwa ameficha ruta ndani ya kabati la mbao lililofungwa kwa sababu, alisema, ile kitu ni mbaya kuangalia. Wesonga alifungua kabati, akaweka kiganja juu ya ruta, akamwita Nyakio aweke chake.

"Unasikia?"

"Inachoma, Mwalimu."

"Hii kitu inapumua. Ukiifungia pumzi inajizima kwanza, kama mtu anayezirai. Ukiendelea, inakufa."

Nyakio alirudi nyumbani na somo hilo kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mum, hata matajiri wa Karen wanaificha, na inakufa. Inapumua!"

Mama Dan alinyanyua macho kutoka kwenye sindano yake ya kufuma. "Kwani mimi nikivaa sweta huwa nakufa?"

Hata hivyo aliacha kuifunika. Nyakio alidhani vita imekwisha. Hakujua kwamba mama yake alikuwa amebadilisha mbinu.

Kule chuoni walifundishwa kukata waya wa mtandao na kuupanga upya. Ndani ya waya mmoja mna nyuzi nane za rangi, na zisipofuatana sawasawa hakuna kinachopita. Nyakio alizikariri nyumbani kwa sauti akiosha vyombo: nyeupe na machungwa, machungwa, nyeupe na kijani, buluu, nyeupe na buluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia. Alizikariri mpaka mama yake akazishika, akaziwekea tuni ya pambio. Inasemekana kasuku wa jirani pia alizijua, na angefanya mtihani angepita.

Nyakio alipokaribia kumaliza kozi, mama alimwita akamwekea kitu mapajani. Kitambaa. Cha uzi mnene wa sweta, kikubwa kama cha kufunika mgongo wa kochi, na mistari yake ilifuatana hivyo hivyo: nyeupe na machungwa, machungwa, nyeupe na kijani, buluu, mpaka mwisho. Hakuna mstari uliokosea mahali pake.

"Ya hiyo mtoto wako anapumua," mama alisema. "Siku ya kumaliza masomo. Siku moja tu."

Nyakio alikuwa amechoka siku hiyo. Alikuwa ametoka mjini na kichwa kinauma. Akakitazama, akacheka kile kicheko chake cha kupasua, akasema, "Mum, na vile nimekuelezea! Hii si kitambaa, hii ni blanketi. Unataka kuiua?"

Mama alikichukua, akakikunja vizuri, pembe juu ya pembe, akakirudisha kwenye droo. "Sawa, mami. Ikae uchi."

Wakanywa chai. Wakaongea mambo mengine.

Haikupita muda mrefu, mama akaanguka jikoni asubuhi. Presha, daktari alisema. Nyakio alikuwa ametangulia mjini. Alipigiwa simu akiwa kwenye zile ngazi ndefu, akazishuka bila kujua anazishuka, na alipofika hospitali kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Dan aliomba ruhusa kazini. Akakataliwa. Akaomba tena, akaambiwa akitaka kwenda aende asirudi, na karatasi zake za kusafiria anazo bosi. Alipiga simu, na mara ya kwanza katika maisha yake hakuwasha video, kwa vile hakutaka kuonekana.

"Nyakio, nimepewa saa moja ya mapumziko. Nitaingia kwa stoo na simu. Nataka nimwone akiingia chini. Hiyo tu. Kama sitamwona akishuka nitakuwa nikifikiria yuko hapo nyumbani, ananyamaza tu."

"Utamwona."

"Niapie."

"Si mimi ndio daktari ya intaneti? Utamwona, Dan. Naapa."

Walimzika mama nyumbani, nyuma ya nyumba, kando ya sukuma wiki yake. Hema lilijaa. Nyakio aliamka mapema akatoa ruta nje ya dirisha, akaiweka juu ya kizingiti kinachotazama kaburi ili picha isikatike. Alivuta waya mrefu alioukata na kuupanga mwenyewe, rangi kwa rangi. Sammy, mtoto wa mjomba wake, kijana mkubwa mwenye mkono usiotetemeka, alisimamisha simu juu ya stendi ya miguu mitatu. Dan akaonekana: uso mmoja katikati ya makatoni. Watu wakampungia mkono. Wamama wa kanisa wakamwita jina. Alikuwa anaona vizuri, akauliza mbona Tata Becky amenenepa, na watu wakacheka huku wakilia.

Huyu Tata Becky ni mdogo wa marehemu. Alipita karibu na dirisha akaona ruta, akasimama.

"Nyakio. Hii kitu imekaa uchi namna hii, na leo ni siku ya mama yako? Watu wote hawa wakiangalia?"

Hakusema kwa ubaya. Ni vile tu walivyolelewa, yeye na dada yake.

Nyakio aliingia ndani. Akafungua droo. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembe juu ya pembe, kama kilivyoachwa. Siku moja tu, mama alisema. Alitoka nacho, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa alikiacha kimekunjwa mara mbili ili kisiburute, akakiweka juu ya ruta taratibu, akakinyoosha kwa kiganja. Kizingiti kilikuwa cha saruji, na jua lilikuwa linapanda. Alikumbuka kabati la Karen? Nasema alikumbuka. Akajiambia ni kidogo tu, ni saa moja, naye mama amengoja vya kutosha.

Mchungaji alihubiri. Kwaya ikaimba. Kisha wanaume wakabeba jeneza, na umati ukasogea kuelekea kaburini. Nyakio alikuwa ameshika shada la maua, mkono mmoja kwenye bega la Tata Becky.

"Nyakio!" Sammy alinong'ona, nusu kwa kelele. "Dan ameganda."

Aligeuka. Kwenye simu, kaka yake alikuwa amefungua mdomo na hausogei.

Alikimbia. Hapo ndipo mambo yote aliyojifunza muhula wa mwisho yalipomjia kwa pamoja, yale magumu, ya kujivunia. Akafungua laptopu. Akaandika hiki, akafuta kile. Akazima laptopu akaiwasha. Akakata simu ya Sammy akaiunga. Walijaribu bando za simu pia, lakini nyumba yao iko bondeni, mtandao wa simu hufika umechoka, na siku hiyo umati mzima ulikuwa na simu mkononi. Dan alikuja kipande cha shavu, akakatika. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye vitufe. Nyuma yake alisikia mchungaji akisema mavumbi kwa mavumbi.

"Ngojeni kidogo!" alipiga kelele. "Jamani, ngojeni!"

Lakini jeneza lilikuwa limeshaanza kushuka kwenye kamba, na wanaume wanne hawawezi kulishikilia hewani wakingoja intaneti. Kwaya ilipandisha sauti. Walidhani ni uchungu tu unaomfanya apige kelele, na haikuwa uongo.

Awuor alikuwa amekuja na wenzake wa darasa. Alitoka kwenye umati, akapita laptopu bila kuitazama, akaenda dirishani.

"Nyakio," alisema polepole. "Taa ziko wapi?"

"Taa gani?"

Awuor aliinua kitambaa. Ruta ilikuwa inachoma kama kikaango cha chapati, na ilinuka plastiki na uzi. Uso wake ulikuwa mweusi. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Walichomoa, wakapuliza, wakaipepea kwa karatasi ya ratiba ya ibada, wakachomeka tena. Haikuwaka. Haijawaka mpaka leo.

Walipogeuka, sepetu zilikuwa zinapigapiga udongo kuusawazisha.

Nyakio aliketi chini pale pale chini ya dirisha, na kitambaa mapajani. Watu wakaja kumwinua. Awuor akawafukuza wote, hata mchungaji.

Dan alipiga simu watu walipokuwa wanakula. Simu ya kawaida, sauti tu. Nyakio alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya udongo mpya.

"Ilikatika wakati walikuwa wanambeba," Dan alisema.

"Ni mimi. Ni mimi nilifunika ruta. Na kitambaa ya Mum. Nilikuwa nimefundishwa, Dan, nilikuwa najua..."

Alimwambia yote: droo, Tata Becky, kicheko chake siku ile ya chai.

"Saa yangu imeisha, nimeiba dakika chache," Dan alisema. "Kaa vile ulikuwa unanifanyia. Mimi ndio sioni. Unaona nini?"

Nyakio akafuta uso. Akaketi kwenye nyasi, akageuzia kaburi mgongo bila kufikiri, kama darasani, halafu akakumbuka kwamba leo yeye ndiye mwenye kuona, akageuka.

"Naona udongo mwekundu. Wameuinua juu, umekaa kama mkate. Naona maua. Ya kwako nimeweka upande wa kichwa."

"Kamba zilikuwa za rangi gani?"

"Kijani. Walimshusha polepole. Mjomba Ndegwa alikuwa upande wa miguu, akateleza kidogo, akashika."

"Mathe aligonga?"

"Hapana. Alishuka sawa. Alifika chini, kukatoka sauti ndogo." Nyakio hakuwa ameisikia sauti hiyo, alikuwa amepinda juu ya laptopu. Na habari ya Mjomba Ndegwa kuteleza aliambiwa na Sammy. Lakini alisema.

"Kitambaa ni rangi gani?"

Akazisoma kutoka mapajani, kama sala. Nyeupe na machungwa, machungwa. Nyeupe na kijani, buluu. Sauti ya Dan ikamfuata kutoka mbali, neno moja nyuma, kwa tuni ile ile ya pambio, maana mama alikuwa amemwimbia na yeye kila Jumapili. Walipofika kahawia ya mwisho, kaka yake alikuwa analia kama mtoto.

"Asante," alisema. "Umeniambia vizuri. Lakini sijaona, Nyakio. Sijaona."

Hakukuwa na kitu cha kusukuma mpaka kilie tik.

Alimaliza kozi. Sherehe ilifanywa juu ya lile duka la mapazia, Awuor akapiga vigelegele kwa niaba ya mama asiyekuwepo, Wesonga akavaa soksi zinazofanana. Sasa Nyakio ana kiti mjini, na kifaa cha masikioni, na kazi yake ni kupokea simu za watu ambao intaneti imewakataa. Hawaharakishi. Nyumbani kuna ruta mpya, na kitambaa kimerudi kwenye droo. Dan hupiga simu kila Jumapili kama zamani, lakini hawashi video. Akiulizwa, husema picha inasumbua. Nyakio, ambaye angeweza kuitengeneza kwa dakika chache, hamwambii kitu.

Wenzake kazini humcheka kwa swali moja. Mteja akipiga simu kutoka Kikuyu, au Dagoretti, au popote palipo na mama mwenye sindano ya kufuma, kabla ya taa na kabla ya waya, Nyakio huuliza kwanza:

"Kuna kitambaa juu yake?"

Mteja hushangaa. "Ngai, umejuaje? Ni cha mamangu."

"Kitoe basi. Kikunje vizuri, pembe juu ya pembe. Usikitupe tu hapo kando." Hungoja mpaka asikie mtu akikunja. "Umemaliza? Haya. Sasa niambie unaona nini."